TAHADHARI: Anayeuza vanishi ya sandarusi kwenye chupa zilizozibwa kwa nta nyekundu ni tapeli

Mafundi wenzangu, wapigaji, na yeyote mwenye fidla, udi au ganuni inayosubiri kupakwa: kuna mzee anazunguka kati ya Bagamoyo, Dar na Unguja akiuza vanishi ya sandarusi (utomvu wa miti uliokuwa mgumu kama jiwe) iliyokwisha kupikwa pamoja na mabonge ya sandarusi ya kuchimbwa. Msimpe hata shilingi. Ameniliza mie, na bora angekula pesa tu akaniachia kazi yangu. Ameiua fidla niliyoichonga mwenyewe. Ndiyo, ile ya kwenye picha zangu. Naomba msinipigie simu kuuliza hali yake, sina moyo wa kuieleza kwa mdomo, ndiyo maana naandika.

Na kabla hamjasema "lakini wewe fundi, ilikuwaje", sikilizeni kwanza mtu mwenyewe alivyokuja.

Alinitafuta baada ya kuona picha ya fidla ikiwa bado nyeupe, haijapakwa vanishi. Hakuanza na biashara. Salamu, pole na kazi, kisha swali: "Ubao wa juu umeuacha unene gani katikati?" Nikamwambia milimita 3, unashuka hadi 2.5 pembeni. Akajibu, "Basi simama hapo hapo mwanangu, usiuguse tena." Niambieni, tapeli wa wapi anajua hilo? Matapeli tuliowazoea wanatuma "ile pesa tuma kwa namba hii". Huyu aliniuliza kitu ambacho tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kuniuliza, hata nyumbani, ambako wanaona nachezea mbao tu.

Halafu akaingia kwenye sandarusi, na hapo ndipo aliponimaliza. Akanieleza chakazi, ile mbichi inayotoka kwenye mti ulio hai, kwamba haifai kwa vanishi ngumu. Sandarusi yenyewe ni ile iliyolala ardhini tangu zama ambazo hata miti yake haipo tena, inachimbwa kwenye mchanga wa Mrima, pwani ya bara, inaoshwa kwa maji ya magadi mpaka vile vipelepele vya juu vionekane. Akataja mpaka Salem kule Massachusetts, jinsi Wamarekani walivyokuja kuinunua Unguja enzi za Sayyid Said, wakaandikiana naye mkataba mwaka 1833, na sandarusi ikawa inakwenda kupaka magari ya farasi ya matajiri. Yote hayo ni kweli. Mie nimeyasoma miaka, ninyi mnajua nilivyo na hili jambo. Ndoto yangu ilikuwa fidla ya Unguja ipakwe sandarusi ya pwani yetu, si kopo la vanishi ya milango kutoka dukani. Alijua ndoto hiyo kabla sijamwambia, kwa sababu nimeiandika chini ya karibu kila picha ninayoweka.

Sasa kwa nini nisinunue mabonge nikapika mwenyewe? Wanaouliza hivyo hawajui sandarusi. Ile ya kuchimbwa haikubali mafuta ya kitani mpaka uiyeyushe kwanza kwa moto unaopita nyuzi joto 300, na mvuke wake unashika moto. Mie nakaa ghorofani Mji Mkongwe, chini yangu kuna mama na watoto, dari ni boriti na mbao tupu. Kununua iliyopikwa ndiyo ilikuwa akili.

Tena sikununua kichwakichwa. Alinitumia kwanza kichupa kidogo, bure, kwa mtu wa boti. Nikapaka kwenye kipande kilichobaki cha ile ile sprusi, mbao ya ubao wa juu, aliyonibebea shemeji kutoka Ujerumani, nikakianika juu ya paa. Kikakauka vizuri, kikang'aa bila kuficha nyuzi za mbao, ukucha ukawa hauingii. Baadhi yenu nilikuleteeni mkakishika, mkasema hii ndiyo. Ikawa hata nyinyi mnaniagiza chupa. Kwa hiyo naomba asitokee mtu leo akajifanya yeye angegundua.

Tulikutana Malindi ya hapa Unguja, karibu na bandari, baada ya Laasiri. Kanzu safi, kofia ya viua, kikapu cha ukili kilichofunikwa gazeti. Shikamoo, marahaba, akanikamata mkono kwa mikono yake miwili. Tukakaa kwenye baraza. Akatoa chupa tano, akazipanga mbele yangu, zote zimezibwa kwa nta nyekundu, zote zina karatasi yenye mwandiko ule ule wa kile kichupa. Akachukua moja, akakwangua nta kwa kisu, taratibu, akafungua. Akachovya kijiti, akapaka kwenye ukucha wa kidole gumba changu, si chake. "Nusa." Nikanusa mafuta ya kitani na tapentaini, na nyuma yake ile harufu inayokaribia ubani. Akainua chupa kwenye jua, rangi ya asali, haina hata chembe ya uchafu. "Unaona chochote kinachoelea?" Nikasema sioni.

Nikanyoosha mkono kuipokea. Akaivuta upande wake, kwa upole kabisa, akasema: "Hii nimeshaifungua mwanangu, hewa imeingia, itaanza kufanya utando. Nitaimalizia mwenyewe nyumbani. Wewe chukua hizi nne zilizozibwa." Akaifunga, akairudisha kikapuni, akaifunika gazeti.

Na mie nikamshukuru. Nikamwambia, "Mungu akuzidishie, mzee." Maneno haya yananikereketa kooni kila nikiyakumbuka. Maana ni kweli, vanishi ya mafuta ikipata hewa inafanya utando, kila fundi anajua. Alichukua kitu ninachokijua, akakitumia kuniondolea mkononi chupa pekee iliyokuwa na vanishi.

Mabonge vilevile. Akachomoa moja mdomoni mwa mfuko, akamuomba muuza kahawa kikombe cha maji ya moto, akalitia. Tukazungumza kidogo, akalitoa, likagongwa kwenye jiwe la baraza, gumu vile vile, halijalainika wala kunata. "Hii ndiyo sandarusi ya wazee." Nikalipa kilo moja 120,000 na chupa nne kwa 85,000 kila moja. Hesabuni wenyewe. Nilimtumia kwa simu pale pale. Jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa la mwanamke; akasema laini yake ina matatizo, hiyo ni ya binti yake. Akanisindikiza mpaka njia panda huku akinipa nasaha za kupaka, na katika nasaha hizo akaniambia nisitangulize maji ya gundi kwenye mbao. "Sandarusi inataka mbao tupu, inywe." Hilo nalo mliweke akilini, nitalirudia.

Nikapaka. Siku ya kwanza haikukauka, nikasema unyevu, ni msimu wa masika. Nikaianika juani, nikaigeuza, nikaisubiri. Ikawa inanata zaidi. Vumbi lote la Mji Mkongwe likakaa juu yake. Nikiishika, alama za vidole zinabaki na hazirudi. Jua likizidi inaanza kutoa harufu, na harufu yenyewe si kitani, ni dizeli. Nikazifungua chupa nyingine tatu: hivyo hivyo. Nadhani ni utomvu wa msonobari, ile rozini tunayopakia upinde, imeyeyushwa kwenye dizeli na kutiwa rangi ya viatu au kitu cha namna hiyo. Mfuko wa mabonge nikaumwaga kitandani: juu mabonge machache ya sandarusi ya kweli, chini yote rozini iliyovunjwavunjwa. Nimeitia kwenye maji ya moto, inalainika kama mshumaa.

Nilijaribu kuifuta kwa spiriti. Ya juu ikatoka. Ya ndani haitoki, kwa sababu niliambiwa nisitangulize gundi, kwa hiyo mbao imeinywa. Ubao wa juu sasa una mabaka meusi yanayofuata nyuzi za sprusi, mengi zaidi kwenye mabega na kuzunguka yale matundu ya f, pale mbao inapoonyesha vinyweleo vyake. Ukitaka kuondoa doa lazima ukwangue, na kwenye milimita 2.5 hakuna cha kukwangua. Ukipunguza hapo unaondoa sauti, na nyuzi zikikazwa ubao utazama. Mgongo na mbavu labda zitaokoka. Ubao wa juu nautoa, nachonga mwingine, nikipata sprusi nyingine, na sprusi yenyewe mnajua ilivyofika hapa.

Mzee wetu aliyekuwa anaisubiri kuipiga sijamwambia. Ameshapiga simu, nimeshindwa kupokea. Ilikuwa iende naye jukwaani. Katika mji ambao kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kinapiga tangu 1905, fidla zote zinatoka nje, na hii ingekuwa ya hapa. Yule tapeli ndiye katunyang'anya.

Simu yake haipatikani tangu siku niliyomuuliza kuhusu kunata. Kwanza alinijibu "vumilia mwanangu, sandarusi ina subira". Kisha picha yake ikatoweka, ameniziba. Nimezungumza na fundi mmoja wa Mombasa anayekarabati udi, naye akanisimulia baraza, nta nyekundu na chupa ile ile "iliyoingia hewa", mpaka nikamwambia nyamaza, inatosha. Mtu huyo huyo. Kwa hiyo si bahati mbaya wala si pipa moja lililoharibika.

Dalili, kwa atakayefikiwa naye: chupa anayokuonjesha hakubali uondoke nayo, hata ukimlipa zaidi. Jina la kwenye muamala si lake. Nta ni ya mshumaa mwekundu, imemwagika mpaka shingoni. Anakukataza gundi ya kutangulizia. Mabonge jaribuni ya katikati ya mfuko na ya chini, si ya juu: tieni kwenye spiriti, rozini inayeyuka yote upesi, sandarusi ya kuchimbwa inakaa. Na chupa mpya yoyote, hata kama mmeshaijaribu ndugu yake, dondosheni kwenye kioo muianike kwanza. Yapo mengine nitayaongeza nikitulia.

Kutulia kwenyewe siwezi. Nimekwenda kituoni, nikaandika maelezo, na aliyeyapokea akaniuliza sandarusi ni nini, nikalazimika kuanza na miti. Nikaona watu nyuma yangu kwenye foleni wanatazamana. Laki nne na ushei na gari la farasi la Massachusetts, mbele ya watu waliokuja na kesi za wizi wa pikipiki. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nimepata namba ya kumbukumbu, na siiachii. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa, na sehemu kubwa ya udanganyifu wenyewe kaufanya kwenye simu, kwa hiyo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo imguse. Namba yake nimeshaituma 15040, namba ya kuripotia utapeli wa simu. Nyote mliowahi kupata ujumbe wake fanyeni hivyo hivyo leo, msingoje. Fundi wa Mombasa, yaandike ya kwako uyapeleke polisi huko huko. Nataka afungwe. Sitaki suluhu ya wazee, sitaki arudishiwe heshima kwa sababu ya mvi, sitaki mtu aniletee salamu kwamba ana familia. Na mie nina familia. Alijua unene wa ubao wangu, akajua hautapona, na bado akaniambia mbao inywe. Huyo si mwenye njaa aliyeuza rozini, huyo ni fundi aliyeamua kuua kazi ya fundi mwenzake, na adhabu yake iwe ya fundi: asipewe tena patasi wala asikaribishwe karakana yoyote kuanzia Lamu mpaka Lindi.

Kaka wa Tanga na yule binti wa chuo mlioniagiza chupa, pesa zenu nitakurudishieni mwisho wa mwezi, msiwe na wasiwasi. Mwenye picha yake ya sura nzima, si ile ya pembeni, anitumie faragha nimpelekee mpelelezi. Chupa zote nne na mfuko wa mabonge ninazo, nimezifungia na sijamwaga hata tone, ni vielelezo.