Fungu la "katuni zilizotikisa dunia": nimelipia vitabu vitano, nimepata vinne na presha

Mimi huwa nanunua, nasoma, nanyamaza. Hili sinyamazi, kwa sababu ya sentensi moja niliyoambiwa pale kaunta juzi kati: "Mama, hiyo si katuni tu? Angalia picha, utaelewa."

Duka lipo hapahapa mjini Dar, jina silitaji. Mtandaoni wanauza fungu la vitabu vitano wanaloliita "katuni zilizotikisa dunia". Unalipa kwa simu, bodaboda anakuletea hadi getini. Bodaboda mwenyewe sina neno naye, kijana mstaarabu, mvua ilikuwa inanyesha na mzigo aliuficha ndani ya koti lake yeye akalowa. Kama nyota zingekuwa za bodaboda ningempa zote. Lakini nyota siyo zake.

Ndani ya nailoni kulikuwa na Superman wa mwanzo kabisa, Tintin wa Kongo, Astro Boy wa Osamu Tezuka, Watchmen na Maus. Pamoja navyo kikaratasi cha rangi kimeandikwa "Burudani kwa familia nzima". Kikaratasi hicho mtakumbuka nimekitaja.

Niseme ukweli, nilikuwa nakitaka kimoja tu, hivyo vingine ni kama nauli. Maus cha Art Spiegelman nilikisoma miaka hiyo, cha kuazima, nikakirudisha shingo upande. Kwa asiyekijua: mtoto, yaani Spiegelman mwenyewe, anamhoji baba yake, Vladek, Myahudi wa Poland aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wayahudi wamechorwa panya, Wajerumani paka, Wapoland nguruwe. Sehemu ya kwanza ilitoka kama kitabu mwaka 1986, ya pili 1991, mwaka uliofuata kikapewa tuzo maalumu ya Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, heshima ambayo hakuna kitabu cha katuni kilikuwa kimewahi kuipata. New York Times walikiweka kwenye orodha ya hadithi za kubuni, Spiegelman akawaandikia kulalamika, wakakihamishia upande wa vitabu vya mambo ya kweli. Panya wanaongea, na mambo ni ya kweli. Auschwitz hiyo ndiyo burudani kwa familia nzima.

Basi nikachana nailoni. Kitu cha kwanza, karatasi nyeupe pee, ile ya fotokopi, na wino unabaki kwenye kidole gumba. Mistari myembamba ya Spiegelman imevimba, nyuso za panya zimekuwa madoa. Nikajipa moyo, labda toleo la bei nafuu. Nikafungua mbele, kona ya chini ya ukurasa kuna kivuli cha vidole. Vidole vya mtu! Mtu alikilaza kitabu halisi kwenye mashine, akakishikilia, akasahau kutoa mkono, na mkono wake ukachapishwa ukafungwa ukauzwa kwangu kwa bei ya kitabu halisi.

Hata hapo nilikuwa radhi kusamehe, maana mji huu tumezoea. Nikaendelea kusoma. Nikafika ukurasa wa 128, nikageuza, nikajikuta 97. Kurasa zote za katikati zimerudiwa, na zilizopaswa kufuata hazipo. Baada ya kurudia unaruka moja kwa moja hadi sehemu ya pili.

Kama mngejua kilichomo kwenye kurasa zilizokosekana. Ndipo Vladek na mkewe Anja wanapojificha Sosnowiec wakijifanya Wapoland. Spiegelman amewavalisha vinyago vya nguruwe, kamba imefungwa kisogoni, unaiona. Vladek kinyago kimemkaa, angeweza kupita popote. Anja amevaa kinyago hichohicho lakini chini ya koti lake mkia wa panya unaning'inia, kwa sababu sura yake ilikuwa inamtambulisha. Hakuna sentensi inayokwambia hivyo. Kuna mkia tu. Ukiuona, roho inakuruka. Kwenye kurasa hizohizo ndipo sehemu ya kwanza inapoishia, mtoto anaulizia daftari za marehemu mama yake, baba anakiri alizichoma moto, na mtoto anamwita baba yake mzazi muuaji. Hayo yote mimi sina. Badala yake nimepewa mara mbili kurasa zinazosimulia Anja, mama yake, alivyojiua. Mara mbili!

Nikarudi dukani kwa miguu yangu. Kijana wa kaunta anachati. Nikamsalimia, nikamweleza taratibu, nikamfungulia 128, nikamwonyesha 97. Akaangalia kama anayeangalia risiti.

"Mtoto ana miaka mingapi?"

Mtoto gani? Nikamwambia, "Mdogo wangu, kitabu ni changu mimi."

Akacheka. Siyo kicheko kibaya, na ndicho kilichonikera zaidi, alicheka kama nimemtania. Akasema nailoni imeshachanwa, mzigo haurudi. Nikamuuliza, bila kuichana ningejuaje ndani kuna nini? Hapo ndipo akanitolea ile ya picha. Si katuni tu, angalia picha, utaelewa. Nikamwambia picha zenyewe ndizo hazipo. Akarudi kwenye simu yake.

Sasa mtu anayeuza fungu linaloitwa "zilizotikisa dunia" anaamini kweli katuni imewahi kutikisa hata kikombe? Mimi katuni siipimi kwa bei yake mnadani wala kwa filamu zake. Naipima kwa nilichokiona watu wamekifanya baada ya kuifunga. Kwa kipimo hicho fungu lao lina pengo kubwa hata kabla ya zile kurasa.

Hakuna kile kitabu chembamba cha Martin Luther King, kwa mfano. Kurasa 16, senti kumi, kilitolewa mwishoni mwa 1957 na shirika la kidini la kupigania amani, Fellowship of Reconciliation. Kinasimulia mgomo wa Montgomery, Weusi walipokataa kupanda mabasi yaliyowabagua, kisha kinakupa hatua za kufuata ukitaka kugoma bila kurusha ngumi. Kilipita mkono kwa mkono makanisani na vyuoni kusini mwa Marekani. John Lewis alikisoma akiwa kijana, akaja kupigwa na polisi pale daraja la Selma akiandamana kudai haki ya Weusi kupiga kura, akawa mbunge, na uzeeni akaamua maisha yake yasimuliwe kwa katuni, vitabu vitatu vya March. Cha tatu kilipata National Book Award, tuzo ya vitabu ya Marekani, mwaka 2016. Kile chembamba baadaye kikatafsiriwa Kiarabu, kikasomwa Misri. Kwangu hicho namba moja, hata Maus nakiweka nyuma yake. Ingawa nikikumbuka ule mkia nasita.

Superman nampa haki yake, bila yeye mwaka 1938 hakuna mashujaa wa kuruka angani. Ila mimi namkumbuka kwa hundi. Vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zote kwa dola 130, wakazeeka kwa dhiki, mpaka mwaka 1975 kampuni yenye haki hizo ilipoona aibu ikaanza kuwapa posho ya kila mwaka. Kila mchoraji anayesaini karatasi bila kuisoma angepewa hadithi hiyo kwanza, halafu ndiyo kalamu.

Tezuka na Watchmen wamepangwa vizuri, na nakala zao ni halisi. Sina ugomvi nao.

Tintin wa Kongo nilimsoma kwa meno yaliyoumana. Nasema ana athari, tena kubwa, na ni ya hovyo. Hergé, Mbelgiji aliyemchora, hakuwahi kukanyaga Kongo. Alichora midomo na ujinga, na watoto wa Ulaya wakakua wakidhani wameiona Afrika. Toleo la awali Tintin anasimama darasani kuwafundisha watoto wa Kikongo kuhusu nchi yao, Ubelgiji! Mwaka 1946 walipokichora upya somo likageuzwa hesabu, mbili jumlisha mbili, kana kwamba hiyo inatuheshimu. Mkongo mmoja aliwapeleka wachapishaji mahakamani Brussels kutaka kipigwe marufuku, mwaka 2012 mahakama ikamkatalia. Mimi nisingekipiga marufuku. Lakini kukiuza na kikaratasi cha burudani kwa familia, bila hata mstari mmoja wa kumwandaa mtoto wa Temeke atakayekifungua, huo ni uvivu.

Na sisi wenyewe tuko wapi kwenye hilo fungu? Hatupo. Kizazi changu kilijifunza kusoma kwa raha, siyo kwa fimbo, kupitia jarida la katuni la Sani. Tuligombania kujua Ndumilakuwili kamtapeli nani safari hii, Lodi Lofa kafumaniwa wapi, Madenge kafanya utundu gani. Wazee wakatuambia tunapoteza muda, halafu usiku unawakuta wenyewe wanacheka nalo kwenye kochi. Kabla yake alikuwepo Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, na Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Wakenya tena, mwaka 2010, wakaanzisha jarida la Shujaaz, likagawiwa bure ndani ya gazeti, kwa lugha ya vijana. Mojawapo ya hadithi zake ilifundisha kupaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwatambue, na wafugaji wakapaka kweli. Vifaranga wa rangi wakitembea uani kwa sababu ya katuni! Nionyesheni riwaya iliyofanya hivyo.

Nilikuwa nimeamua kuwaambia msinunue. Halafu nikiwa natoka kwa hasira, nikaona kwenye boksi chini ya ngazi rundo la Sani za zamani, zimejikunja, zina vumbi, bei ya kutupa. Nikainama. Nikachagua. Nikanunua, tena kwa kijana yuleyule, na akanifungia vizuri kwa gazeti. Kwa hiyo siwezi kusema duka halifai. Hakuna sehemu nyingine hapa mjini nimeziona Sani hizo. Nendeni, ila mwende wenyewe, kila kitabu mfungue mbele yao na mhesabu kurasa, wakikasirika wakasirike.

Nilikuwa nimefikia nyota tatu. Kisha jana bodaboda yuleyule akaja na bahasha, "zawadi kutoka dukani, wanaomba radhi". Nikaifungua nikijua ni kurasa zangu, au kitabu kipya. Ni kitabu cha kupaka rangi na kalamu sita. Kimeandikwa kwa mkono: kwa ajili ya mtoto.

Nyota moja. Bodaboda nimempa chai.