Grili za Madirisha kwa Land Cruiser Hardtop na Defender: Ipi ya Kununua, Ipi ya Kuacha

Kabla ya kwenda kwa fundi, amua unakinga vioo dhidi ya nini: matawi ya migunga kwenye njia nyembamba, kokoto, mwizi wa maegesho, au mzigo wako mwenyewe unaoruka huko nyuma kila gari likiingia shimoni. Vioo vya ubavuni vya magari haya havipasuki kwa ufa wa kuvumilia hadi mjini. Vikipata pigo kali sehemu moja, kioo kizima kinamwagika punje punje.

Mpangilio huu ni wa madirisha ya nyuma na ya ubavuni ya Land Cruiser Hardtop 78 na Defender 110. Vioo vya milango ya mbele viache wazi. Humo ndimo dereva anapitisha macho kutazama saitimira, na wavu hapo ni hatari kuliko tawi.

1. Wavu wa kuchomelea ndani ya fremu

Kwa wanunuzi wengi jibu ni hili. Chukua wavu wa waya wa milimita 4, matundu ya 50 kwa 50, kwenye fremu ya bomba la mraba la milimita 20 lenye ukuta wa 1.5. Wavu huo una kama kilo 4 kwa mita ya mraba, haukuzuii kuona nje, na unamchelewesha mwizi. Tatizo lako likiwa kokoto, chukua matundu ya 25 kwa 25 na waya wa milimita 3. Uzito hauongezeki sana (kama kilo 4.4), ila kuona nje kunapungua.

Mafundi wa Gerezani (Dar es Salaam) na Kamukunji (Nairobi) wanaitengeneza kazi hii vizuri, lakini pima waya mwenyewe kwa venia, kile kipimo cha unene. Waya wa 2.5 uliopakwa rangi nene ni rahisi kuuzwa kama wa 3. Piga pia hesabu ya bomba: fremu ya sentimita 120 kwa 45 inakula mita 3.3, na bomba la futi 20 lina kama mita 6.1. Fremu mbili hazitoki kwenye bomba moja. Usiponunua la pili, fundi ataunga vipande, na kiungo hicho ndicho kitakachokatika kwanza kwenye barabara ya makorongo.

Pembe zikatwe kwa nyuzi 45 na kuchomelewa pande zote. Bomba la chini litobolewe tundu la milimita 5 la kutolea maji, la sivyo fremu itaoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Wavu wa zinki unaungua pale unapochomelewa, kwa hiyo sehemu hizo zisuguliwe na kupakwa rangi ya zinki kabla ya rangi ya mwisho.

2. Sahani ya alumini yenye matundu

Ni ghali zaidi na si kila mji unaipata, lakini kwa gari la Tanga, Mombasa au Unguja inapanda juu ya wavu, kwa sababu chumvi huanza na chuma. Unene uwe milimita 3, ambao kabla ya kutobolewa ni kama kilo 8 kwa mita ya mraba. Muuzaji akikupa sahani ya chuma ya milimita 2 kwa bei nafuu, kumbuka kwamba hiyo, nayo kabla ya matundu, ina karibu kilo 16 kwa mita ya mraba, na kwenye mlango wa nyuma bawaba ndizo zitakazolipia.

Sahani hizi huuzwa kwa picha za galoni na sepetu zilizoning'inizwa juu yake. Sepetu sawa. Galoni la chuma la lita 20 likijaa dizeli linapita kilo 20, na limeshikiliwa na bati la bodi lisilotengenezwa kubeba kitu. Kwenye makorongo uzito huo unavuta nati hadi bati linavimba kuzunguka tundu. Mafuta yakae kwenye keria au ndani ya tangi la ziada.

3. Grili ya ndani

Kama adui ni sanduku la vifaa au mitungi ya gesi, usiweke kitu nje. Wavu uleule wa 50 kwa 50, kwenye fremu ya flati baa (chuma bapa) ya milimita 25 kwa 3, ukifungwa kwa ndani unatosha na hauguswi na mvua. Hauzuii jiwe wala tawi.

4. Nondo

Nondo za milimita 8 ni nzuri kwa mwizi tu. Tawi linapenya katikati, jiwe vilevile.

5. Filamu ya kioo

Filamu nene ya milimita 0.2 haizuii kioo kuvunjika. Inazishikilia punje pamoja na kumchelewesha mwizi kidogo. Iongeze juu ya namba moja ukipenda, isiwe mbadala wake.

Wavu wa kuku na wa fensi ya kusuka usipoteze hela. Unalegea, unapiga kelele, na ncha zake zinachana mikono ya anayeosha gari.

Kufunga

Kata kwanza kiolezo cha boksi. Ubavu wa gari unalala kidogo kuelekea ndani jinsi unavyopanda, kwa hiyo fremu iliyonyooka ikifungwa bila vikalio (vipande vya kuiinua mbali na bodi) itagusa kioo. Acha nafasi ya milimita 15 hadi 20 kati ya grili na kioo, vidole vyenye kitambaa vipite.

Ondoa kwanza mapambo ya ndani uone nyaya na mahali mikanda ya viti ilipofungwa, kisha toboa kwenye bati nje ya mpira wa dirisha, kamwe si ndani yake. Nati za ribiti (zinazojibana kwenye bati kutoka nje) za M6 za chuma huhitaji tundu la milimita 9 kamili. Tundu likipanuka hata kidogo, nati itazunguka na bolti, na kuitoa ni kazi ya gurudumu la kukatia. Dirisha refu lipate pointi nane, fupi sita. Kila tundu lipakwe primeri kabla nati haijaingia, na uzibe kwa silanti isiyo na harufu ya siki, maana silikoni yenye harufu hiyo inakula chuma kitupu.

Bodi ya Defender ni ya alumini. Chuma kikiigusa moja kwa moja penye unyevu, unga mweupe utatokea chini ya rangi na tundu litalika. Weka washa za nailoni kila mahali.

Usichomelee wala kusaga fremu ikiwa kwenye gari. Cheche za grainda zinajichimbia kwenye kioo, na alama hizo hazioshwi wala hazisuguliki. Kwenye milango ya nyuma, zungusha waipa na ufungue milango yote kabla ya kukaza, uone kama grili haigongi kibebea tairi.

Njia ya kutokea

Gari likipinduka au kushika moto, nyundo ya kuvunjia kioo haina maana mbele ya wavu uliofungwa kwa bolti nane. Angalau grili moja kila upande iwe na bawaba na pini ya kuvuta. Iweke juu ya dirisha linaloteleza, pini iwe pale mkono unapofika kupitia kioo kilichofunguliwa. Bawaba ziwe ukingo wa mbele ili pini ikichomoka safarini upepo uisukume grili ijifunge. Bolti nyingine zinaweza kuwa za kichwa maalumu cha kuzuia wizi, lakini ufunguo wake ukae ndani ya gari, si nyumbani.

Baada ya kilomita 500 za kwanza za vumbi, kaza bolti zote tena kwa Nm 8, kisha chungulia chini ya kila kikalio. Matope yanayokaa hapo ndiyo yanayoanzisha kutu.