Mlima Kasigau: kama uko Mombasa na hujaupanda, panga siku ya jua uende

Watu wangu wa Mombasa, bahari sote twaipenda, lakini kila wikendi ni Nyali na Diani, Nyali na Diani, na kumbe mlima wa maana tunao hapo Taita Taveta tu. Ukitoka Mwembe Tayari na basi la Voi unapita Mariakani, Samburu, Mackinnon Road pale kwenye msikiti wa Sayyid Baghali wengi husimama kuomba dua, halafu unashuka Maungu. Hapo unaingia kushoto, barabara ya vumbi mpaka vijiji vilivyo chini ya mlima, Rukanga, Bungule, Jora na vyenginevyo. Sisi tulianzia Bungule.

Sifa zangu za kwanza ni kwa wale waongoza njia wa kijijini. Chukua mmoja, tafadhali, usijifanye utafuata simu. Wetu alikuwa mzee wa makamo ana panga lake kiunoni, kabla hatujaanza akakatia kila mtu fimbo na akaiparura magamba yote pale pa kushikia ili isituchune mikono. Mlima una mita 1,641, na kwa sababu kijiji kiko chini sana unapanda kama mita elfu moja hivi, na huo mpando si wa kubembeleza, ni goti kifuani, pumzika, goti kifuani tena. Mwenzetu mmoja alitaka kurudi, mzee akamwambia tu, "Mwanangu usitazame juu, tazama mguu," wakaenda wote polepole na sisi tukawasubiri, hakuna aliyeharakishwa.

Chini ni mashamba na miba na jua kali, kwa hivyo ondoka alfajiri wallahi. Halafu unaingia msitu na joto linakatika saa hiyo hiyo, mashina yote ya kijani, ukiyashika mkono unaloa. Yani kule chini nyika imekauka mpaka udongo mwekundu, huku juu majimaji! Mzee akatueleza kwamba upepo wa bahari hii hii yetu ndio unaobeba unyevu, unavuka nyika yote ya Taru ukija kugonga Kasigau unageuka ukungu, miti inaunasa, na maji yake yanateremka kwa mabomba mpaka kwenye mifereji ya vijiji. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anakata miti mlimani roho yaniuma. Pia kuna kidege kidogo kina duara jeupe kubwa kuzunguka jicho, dunia nzima kinapatikana milima ya Taita na hapa Kasigau tu, tulikiona karibu kabisa kinarukaruka kwenye tawi.

Sasa juu. Kilele mara nyingi kinafunikwa na ukungu ndo maana nasisitiza siku ya jua, na hata asubuhi pakiwa na wingu usikate tamaa haraka, ngoja, huwa linaachia. Sisi lilituachia. Ukikaa kwenye mwamba ulio wazi unaona mbuga ya Tsavo imetandazwa mpaka macho yanachoka, milima ya Taita upande mmoja, na upande wa pili milima ya Tanzania imepangana ya buluu. Niliangalia nikanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Hapo hapo mzee akatuhadithia mwaka 1915, vita vya Wajerumani na Waingereza vilivyofika mpaka huu mlima, Waingereza wakawashuku Wakasigau kwamba wanasaidia adui wakawahamisha wote wakawapeleka Malindi, na wengi walifia huko. Pwani yetu hii hii na mimi sikuwahi kufundishwa skuli. Kwa hilo peke yake ile pesa ya kiongozi ilikuwa halali yake.

Kushuka ndiko kunakoumiza magoti, vaa viatu vya kushika, makubadhi yaache nyumbani. Maji beba mengi kuliko unavyodhani, na pesa taslimu. Bei kubalianeni kabla ya kuanza, chakula pia agiza kabla hujapanda manake kinapikwa ukiagiza tu. Akina mama wanauza vikapu vya mkonge, imara kweli, nunua kwao. Na msirudi Maungu usiku, ndovu wanavuka ile barabara, laleni kwenye banda za kijiji mtoke asubuhi.