Uzoefu wangu na IST: injini haina neno, miguu ndiyo inayokula hela

Toyota IST za kwanza zilitoka Japani mwaka 2002 na toleo hilo likaishia 2007. Hata ile ya mwisho kabisa, basi, imeshavuka miaka kumi na tano, na dalali anayekwambia "weka mafuta uende, haina shida yoyote" anakuuzia maneno. Yangu ni ile ya injini ndogo, 2NZ ya cc 1298. Inabeba mimi, baba watoto, watoto watatu na chochote tulichopewa kijijini. Nakaa Goba ndani ndani, Dar es Salaam, ambako lami imeishia mbali na geti langu, kwa hiyo mtu wa Masaki anaweza kukaa muda mrefu asiyaone haya ninayoyaeleza.

Injini kwanza, maana haina mengi. Ina cheni ya taimingi, si mkanda. Fundi akikwambia muda wa kubadili taimingi belti umefika, funga boneti uondoke. Pima oili mara kwa mara, hasa asubuhi kabla hujawasha, kwa sababu injini hizi zikichoka zinaanza kunywa oili kimyakimya bila kumwaga tone chini. Ukiona moshi wa buluu unapowasha, kabla ya kununua, teremsha bei au achana nalo.

Pesa yangu inaishia mbele, chini, kwenye miguu ya gari, yaani shokapu na viungo vinavyoshika tairi. Gari likianza kugonga, mafundi wengi wana jibu moja: "Dada, hapa tubadilishe mbele yote." Sikubali siku hizi. Ile ko-ko-ko ya mwendo mdogo kwenye vijishimo vidogo, mara nyingi ni stebilaiza linki, kifimbo kidogo cha kuunganisha, kitu cha bei rahisi kuliko vyote huko chini na kinafungwa kwa nati mbili. Mshindo mzito unaposhuka tuta ni shokapu au mpira wake wa juu. Kwa mengine, mwambie fundi apige jeki tairi lining'inie. Alikamate kushoto na kulia alitikise: likicheza, atazame reki endi na tairodi, viungo vya usukani. Alikamate juu na chini: likicheza, ni boli jointi, kiungo cha mguu wa tairi, au bearingi. Nasimama palepale nikiangalia, na mara nyingi bili inapungua nikiwa nimesimama. Ukishabadilisha tairodi au reki endi, peleka wili alaimenti, yaani kunyoosha tairi, vinginevyo tairi zitaliwa upande mmoja na hasara itakuwa kubwa kuliko spea yenyewe.

Halafu kuna kutetemeka, ambako watu huchanganya magonjwa mawili. Ukiwa kwenye foleni, gia iko D, umekanyaga breki, usukani unatetemeka; ukitia N unatulia. Hiyo ni injini mauntini, mpira unaoshikilia injini, imechoka. Ikitetemeka hata kwenye N na taa ya cheki injini inawaka, hapo inamisi, yaani silinda mojawapo haichomi mafuta sawasawa, na mauntini mpya haitakusaidia kitu.

Yangu ilianza kumisi tukipanda mlima Kitonga, gari limejaa. Kwenye barabara tambarare shida ilikuwa inajifichaficha, lakini pale mlimani ikakata pumzi kabisa, malori yanatupita. Iringa mjini fundi akachomeka mashine, ikasoma kodi ya kosa P0302, yaani silinda ya pili inamisi. Nilichompendea ni kwamba hakukimbilia kuuza kitu. Injini hii ina koili nne, zinazopeleka umeme wa cheche kwenye plagi, kila plagi na yake, na zote zinafanana. Akahamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya kwanza, akafuta ile kodi ya kosa, tukazunguka kidogo. Iliporudi ikasoma P0301. Ugonjwa ulikuwa umehama na koili, basi mwenye kosa akajulikana bila ubishi. Kipimo hiki hakihitaji kununua chochote, na fundi akikigomea, tafuta mwingine.

Tabu ikaja kwenye spea. Nilinunua koili mpya, boksi zuri, maandishi yote ya kiwandani, stika inang'aa. Haikumaliza hata miezi miwili. Iliyopo sasa ni ya mtumba, imechomolewa kwenye injini iliyotoka Japani, ina vumbi na mikwaruzo, na imetulia. Kwa koili na sensa, heri mtumba wa kweli kuliko mpya ya boksi la kuigiza. Kwa mipira, bushi na brekipedi msimamo wangu ni kinyume: mpira wa zamani umeshakauka, nunua mpya.

Kupoza injini nako kuna la kusema. Gari langu halina mshale wa joto. Kuna taa ya buluu ikiwa baridi, na nyekundu ikichemka, basi. Nyekundu ikiwaka simama, usijidanganye kwamba nyumbani ni hapo tu. Nilipolinunua, thamostati, vali inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, ilikuwa imeng'olewa, mtindo wa mafundi wetu wa "kuzuia isichemshe". Injini inachelewa kupata joto, taa ya buluu haizimiki upesi, na mafuta yanaenda bure. Nikarudisha thamostati, nikamwaga maji ya bomba yenye kutu, nikaweka kulanti, maji maalumu ya kupozea, na ulaji wa mafuta ukapungua wazi.

Giaboksi: kijiti chake cha kupimia oili kimeandikwa T-IV, aina ya oili, weka hiyo. IST zilizoanza 2007 nyingi ni CVT, giaboksi isiyo na hatua za gia, na zina oili yake, usikubali kopo moja liwe dawa ya zote.

Ninalolilalamikia hasa ni buti. Kwa watu watano na mizigo ya Desemba halitoshi, begi moja lazima likae miguuni mwa mtoto. Nikibadili, nitakwenda kwenye Toyota Raum ya toleo la pili, milango ya nyuma inateleza na injini ni ya familia hiyohiyo ya NZ, kwa hiyo somo la koili nitalihamisha kama lilivyo.