Uzoefu wangu na kigeuzi cha volti 48 kwenda 12

Hapa Ukerewe nina duka, na mita 20 kutoka dukani kuna kibanda umiza cha shemeji yangu. Sola tunatumia moja: paneli ziko juu ya bati langu, betri ziko stoo, waya unakatiza uani. Inveta hatuna, TV, friji na sabufa ni za DC, yaani zinatumia umeme wa betri moja kwa moja.

Laini ilipokuwa ya volti 12, mechi ikianza tu friji ya soda kule kibandani inazima. Betri ni nzima, sasa umeme unaenda wapi? Unaliwa na waya. Mzigo wa wati 120 kwa volti 12 unavuta ampia 10, na waya wa milimita 2.5 za mraba, kwenda na kurudi, unakula karibu volti 3. Friji hiyo hukata volti ikishuka hadi 10.4. Kibandani zilikuwa zinafika 9 na kitu.

Fundi akaunga betri zetu nne kwa mfululizo tukapata 48, akabadili chaji kontrola (kifaa kinachosimamia uchaji wa betri), akafunga kigeuzi, yaani kifaa cha kushusha 48 kuwa 12, kimoja dukani na kingine kibandani. Mzigo uleule sasa unavuta ampia 2.5, na njiani haipotei hata volti moja. Mchana chaji inapandisha betri hadi 57, usiku zinateremka hadi 46, lakini ukipima kwenye soketi ya TV ni 12 ileile. Friji haijazima tena mpira ukichezwa.

Sabufa ndiyo ilileta ubishi. Besi ikigonga, picha inacheza. Kigeuzi hakikubali kupunguziwa wati: volti ikishuka kwenye waya, chenyewe kinavuta ampia zaidi, na waya nao unazidi kuishusha. Dawa yake ilikuwa kapasita kubwa (kifaa kinachotunza umeme kwa muda mfupi) kwenye upande wa kigeuzi wa kuingizia umeme. Kwa bei ile, muuzaji angeiweka humohumo kwenye boksi.

Kasoro ninayoiona kubwa ni kwamba kigeuzi kinakuficha hali ya betri. Zamani taa zikianza kufifia unajua uzime TV. Sasa zinang'aa vilevile, halafu giza ghafla. Nimebandika mita ya volti ukutani, na kontrola imesetiwa ikate kwenye 46 ili betri zisinyonywe hadi kufa. Pia kinakula umeme kidogo hata kama hakuna kinachowaka, kwa hiyo usiku nakizima. Nacho ukizime kwa breka ya DC. Swichi ya kawaida ya ukutani imetengenezwa kwa AC (umeme wa gridi), na kwenye DC ya 48 cheche yake haikatiki haraka.

Nakipa nyota nne. Kama una chumba kimoja na waya wa mita tatu, hela hiyo nunulia waya mnene ubaki na volti 12 yako.