Duka jipya la vyakula vya Kiasia Tanga: nendeni, ila msome pakiti

Mwenye makosa ni binti yangu. Tangu likizo ianze anakesha na tamthilia za Kikorea zilizotiwa sauti ya Kiswahili, na kila wale watu wakiinamia sufuria la tambi nyekundu, yeye ananigeukia mimi. Basi iliposikika kwamba mjini limefunguliwa duka kubwa la vyakula vya Kiasia, sikuwa na pa kujificha. Na nikisema Kiasia sisemi Kihindi. Vya Kihindi Tanga tumezaliwa tumevikuta. Hili ni la vitu vya Kichina, Kikorea, Kithai na Kijapani kidogo. Nimeshakwenda mara nne na risiti ninazo zote.

Siku ya kwanza tulitoka Ngamiani kwa bajaji. Ukiingia tu unapokewa na kiyoyozi, unatamani urudi nyumbani kuchukua mtandio mzito. Sakafu inang'aa, vikapu vipya, na harufu ya vitu vilivyokaushwa kama dagaa, ila tamu kidogo.

Rafu ya kwanza kukutana nayo ni ya tui la nazi la kopo, kutoka Thailand. Mililita 400, shilingi 5,500. Tui la kopo, Tanga hii hii! Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akanitazama, kwa sababu nje ya mlango ule ule kuna kijana ana toroli la nazi, moja 1,500, na anakufulia hapo hapo ukitaka. Nikalinunua kwa ubishi tu. Lakini haki isemwe: Jumatano moja nimechelewa kazini, umeme hakuna, kunde ziko jikoni zinangoja, lile kopo liliniokoa. Ni zito na halikatiki likichemka. Ila ile harufu ya nazi iliyokunwa sasa hivi usiitafute. Mama mkwe alionja kijiko kimoja, akakiweka chini polepole. "Mwanangu, mbuzi yako imevunjika?"

Chini ya kopo pamegongwa mwaka 2569. Nilidhani macho yangu. Kumbe Wathai wanahesabu miaka kwa kalenda ya Kibudha, iliyo mbele ya hii yetu kwa miaka 543, kwa hiyo ukitoa 543 unapata 2026. Sisi ambao ukutani tuna Hijria na Miladia kwenye karatasi moja hatuna haki ya kushangaa, lakini dukani hakuna aliyebandika maelezo. Vya Kichina vina mtego wao. Vingi tarehe inayoonekana ni ya kutengenezwa, tena imeanza na mwaka, na muda wa kukaa umeandikwa kwingine kwa idadi ya miezi. Siku hiyo nilirudisha rafuni chupa tatu za sosi ya soya nikinung'unika kwamba wanatuuzia vilivyooza, kumbe zilikuwa na mwaka na zaidi mbele yake. Kibaya ni kwamba kile kibandiko cheupe cha Kiingereza, ambacho ndicho kingenisaidia, wakati mwingine wamekibandika juu ya tarehe yenyewe.

Na sosi za soya ziko mbili, mjue. Nyepesi ndiyo yenye chumvi, ya kukolezea. Nyeusi ni nzito, ya kutia rangi. Mimi nilimwagia kuku ile nyeusi kwa kipimo cha nyepesi. Mume wangu aliuliza kama nimempika kwa mkaa au nimempika mkaa.

Sasa nije kwenye friza, maana hapo ndipo penye neno langu hasa. Kuna friza ndefu ya vile vijipochi vya unga vyenye nyama ndani, tuseme sambusa za kuchemsha. Pakiti zinafanana: picha ya bakuli, mvuke, majani ya kitunguu. Nimeshika mbili, naelekea kaunta, binti mmoja wa dukani akanifuata kwa nyuma, akaniinamia sikioni: "Mama, hizo za mkono wa kushoto ni kitimoto." Nilizirudisha kama mtu aliyeshika pasi ya moto. Za kuku na za nguruwe zimelala friza moja, zimebebana, hakuna kibao wala kizuizi. Huu ni mji wa Tanga, mji wenye msikiti kila baada ya nyumba chache! Anayetaka nguruwe auziwe, ni haki yake, wala simgombezi mtu. Mimi nataka nijue mkono wangu unaingia wapi. Yule binti asingekuwapo ningezipika, ningewalisha na watoto.

Kutoka siku hiyo nasoma kila kitu. Pipi laini nazo nimeziacha, kwa sababu jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, na nyingi ya zile pakiti hazisemi ni ya yupi. Siki ya mchele na divai ya mchele zimesimama bega kwa bega, chupa sawa, rangi sawa. Ile mirin halisi ya Kijapani, divai tamu ya mchele ya kupikia, ina kileo cha asilimia 14 hivi, na dukani imewekwa pamoja na sosi za saladi. Tambi zina nafuu: za Malaysia na Indonesia nilizoshika zote zina alama ya halali, za Kikorea baadhi zinayo na baadhi hazina, hata za kampuni moja. Geuza pakiti. Binti yangu alipata za kwake, 4,500 pakiti moja, za kuku wa pilipili. Alikula nusu huku machozi yanamtoka, akasema ni tamu sana, kisha akamaliza jagi zima la maji.

Zile sambusa za kuku nilizonunua baadaye nilizikuta zimegandana bonge moja, barafu imejaa ndani ya mfuko. Hiyo ni dalili kwamba umeme ulikatika, zikayeyuka, zikagandishwa tena. Nikarudi nazo na risiti. Kijana wa kaunta: "Mama, chakula kikishatoka mlangoni hakirudi." Tukavutana hapo, foleni nyuma inaguna, mpaka akaja msimamizi. Akalichukua lile bonge, akaligonga kaunta mara mbili, likalia kama tofali, akaagiza nipewe pakiti nyingine. Hakubishana wala hakuomba radhi. Nauli ya bajaji, ya kwenda na kurudi, ilikuwa yangu. Nyie mkinunua, tikiseni kwanza: nzima inacheza ndani kama kokoto.

Mchele wa Kijapani msijisumbue, 9,000 kwa kilo na unatoka mashendea hata ukiupimia maji kwa kijiko. Najua ndivyo wanavyoupenda wao. Kwangu watoto waliuliza nani anaumwa.

Kilichonigusa zaidi ni mwani. Karatasi kumi nyembamba za mwani uliokaushwa, 12,000. Shangazi yangu yuko Mkinga, analima mwani baharini, anafunga mbegu kwenye kamba maji yakiwa magotini, na kwa kilo nzima ya mwani mkavu hapewi hata theluthi ya bei hiyo. Si mwani wa aina moja, najua. Wa kwake husafirishwa nje kwenda kutolewa ute wa kugandishia vyakula, ule unaoandikwa E407 kwenye pakiti. Na hiyo E407 niliikuta dukani mle mle, nyuma ya boksi la maziwa ya soya. Nilimpigia simu nikamsomea bei ya zile karatasi. Akakaa kimya, kisha akauliza kama wanapokea kwa gunia.

Malipo hayana shida, lipa namba ipo na risiti ya EFD inatoka bila kuidai. Mfuko unauziwa, kwa hiyo nenda na kapu lako.

Juzi nimepita kuchukua sosi ya soya, nyepesi safari hii. Friza imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nzito NGURUWE, na selotepu ya upande mmoja imeshaanza kubanduka kwa unyevu. Za kuku bado zimelala humo humo.