Laki sita na nusu kwa ndita mbili

Mteja hakai kitini kwangu kabla hajauliza, "Mama, kuna tatizo?" Hakuna. Ni sura tu. Mimi ni mhasibu kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam, nina miaka 43, na kufinyia macho makaratasi ya ushuru kutwa nzima kumenipa ndita mbili zilizosimama katikati ya nyusi kama namba 11. Kijana wetu wa ghalani ndiye aliyezidi: akinikuta tu asubuhi anauliza ni kontena gani limekwama. Makunyanzi ya pembeni ya macho sina ugomvi nayo, hayo ni ya kucheka. Hizi ndita ndizo nilizokwenda kuzichoma Botox, sindano ya kuzilainisha.

Kwanza nilipita mahali pa bei chee, laki mbili na nusu. Dada akatoa kwenye friji bomba la sindano lililokwisha kujazwa. Nikauliza kichupa kiko wapi. "Kimeshatupwa, ila dawa ni ile ile, mpenzi." Nikabeba pochi yangu.

Kliniki niliyoishia iko Mikocheni. Mapokezi ni mabaya: miadi saa tatu na nusu, nimeitwa saa nne na robo, na aliyekaa dawatini alikuwa anakula mihogo bila hata kuinua uso. Daktari ni habari nyingine. Kijana mdogo kwangu, akaniamkia shikamoo, nikamwomba usajili wake wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na hakununa. Akanionyesha cheti ukutani.

Kichupa alikitoa mbele yangu, muhuri haujaguswa. Nikakinyanyua kwenye mwanga: kitupu! Nikajua nimeibiwa. Kumbe dawa yenyewe ni ukungu mkavu uliogandia chini, kwa jicho huoni kitu. Akaingiza maji ya chumvi, akakizungusha taratibu kiganjani bila kukitikisa.

Nikamuuliza kama kweli ni sumu. Akasema ndiyo, ni ile ile inayotoka kwa bakteria wanaoharibu vyakula vya kopo, ila kwa kipimo kidogo mno. Inaizuia neva isiutume msuli ujikunje. Akanisimulia habari za Jean Carruthers, daktari wa macho wa Vancouver, Kanada, aliyekuwa akiwachoma wagonjwa wa kope zinazojifumba zenyewe, ikaonekana na ndita zao zinalainika. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wakaandika matokeo yao mwaka 1992, na Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa ndita mwaka 2002. Mazungumzo ya chakula cha jioni nyumbani kwao natamani ningeyasikia.

"Haya mama, nikasirikie," akasema. Hilo naliweza. Akatia alama tano kwa penseli nyeupe, yuniti 4 kila alama, jumla 20. Sindano ni nyembamba kama ya wenye kisukari. Inauma kama siafu, basi, isipokuwa ile ya katikati, pale pua inapoanzia: hiyo ilinitoa chozi, na nikasikia ndani ya kichwa mlio kama karatasi inatobolewa. Dakika tano, kwisha.

Masharti yake: kwa muda wa saa nne usilale, usiiname, usisugue. "Na kusujudu?" Akafikiri kidogo, akasema nisubiri. Nilichomwa saa nne na nusu, kwa hiyo Adhuhuri niliiswali saa nane na nusu imeshapita, Alasiri haijaingia. Waislamu wenzangu, pangeni miadi mkilijua hilo. Jioni kichwa kiligonga, nikameza panado mbili, kikatulia. Wajawazito na wanaonyonyesha aliniambia hawachomi kabisa.

Siku ya tatu, hakuna kitu. Ya tano nilimkemea mwanangu kwa kuacha bomba la maji wazi, akaniangalia, akacheka, akidhani namtania. Nikakimbilia kioo, nikajaribu kununa: nyusi zimegoma! Wiki ya pili, katika ile 11 ulibaki uzi mmoja mwembamba upande wa kushoto. Huo alishanionya kwamba hautafutika wote, maana ulikuwa unaonekana hata nisipokunja uso.

Kilichoniudhi ni pesa. Nililipa laki sita na nusu, nikaambiwa kuangaliwa tena baada ya wiki mbili kumo humo. Nilipofika, mapokezi wakadai elfu thelathini ya kumwona daktari. Risiti yangu haikuandika lolote kuhusu hilo, na yule wa mihogo hakumbuki alichosema. Nikagomba. Jamani, jaribuni kugomba na paji la uso lililolainika kama andazi, muone kama kuna atakayewaogopa. Nikalipa.

Kwa daktari nitarudi. Wale wa mbele tutaandikishana kwanza kila shilingi. Alinipa miezi mitatu hadi minne kabla misuli haijaamka, na huu ni wa nne. Jumatatu nilikuwa nimeinamia ankara, mlango ukafunguka kidogo, kijana wa ghalani akachungulia.

"Mama, kontena gani tena?"